Sayari iliyozaliwa na kalenda: kisa cha Alpha Centauri Bb

Katikati ya Oktoba 2012 wanaastronomia wa Geneva na Porto walitangaza katika jarida la Nature kwamba wamegundua sayari yenye uzito unaokaribiana na wa Dunia, ikiizunguka nyota Alpha Centauri B. Mwandishi wa kwanza wa makala alikuwa Xavier Dumusque, ambaye bado alikuwa anasomea shahada ya uzamivu. Sayari ikaitwa Alpha Centauri Bb, na habari ikaenea duniani kote. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2015, watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha kwamba sayari hiyo, karibu kwa hakika, haipo.

Chombo kilichotumika kupima kilikuwa kizima. Hakuna aliyepika data. Vipimo vilikuwa vya kweli na hesabu zilifuata njia zilizokuwa za kawaida katika fani hiyo. Ndiyo maana kisa hiki kinastahili kuchambuliwa pole pole. Kila mara kinapozinduliwa chombo kipya cha kutafuta sayari za nyota nyingine, tunaambiwa usahihi umeongezeka mara kadhaa, na msomaji anaondoka akidhani kwamba kupata Dunia ya pili ni suala la kusubiri mafundi watengeneze kipimo kikali zaidi. Bb inaonyesha ugumu ulipo hasa.

Tuanze na nyota yenyewe, kwa sababu aliyeko Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi anaweza kuiona kwa macho. Mwezi wa Juni, mnamo saa tatu usiku, ukielekea kusini utaona nyota mbili angavu kando ya Salibu, ule msalaba mdogo wa nyota nne. Iliyo mbali zaidi na Salibu ndiyo Rijili Kantori, yaani Alpha Centauri, ya tatu kwa mwangaza katika anga lote la usiku. Jicho linaona nukta moja, lakini ni nyota mbili, A na B, zinazozungukana kwa takriban miaka 80. Ya tatu, Proxima, ni hafifu na haionekani bila darubini. Umbali wa zote tatu kutoka kwetu ni miaka ya nuru 4 na kitu. Ukiacha Jua, hatuna nyota jirani kuliko hizo, na B ni ndogo kidogo kuliko Jua na baridi kidogo kuliko Jua. Kama ungeambiwa uchague pa kuanzia kutafuta Dunia nyingine, ungeanzia hapo.

Sasa kuhusu kipimo. Sayari ya Bb haikupigwa picha, na hakuna aliyedai kuiona. Kilichopimwa ni mwendo wa nyota. Sayari inapoizunguka nyota, nayo huivuta nyota kidogo, kwa hiyo nyota husogea kuja kwetu kisha kurudi nyuma, tena na tena. Nyota ikija kwetu, mawimbi ya mwanga wake hubanana na kuelekea upande wa buluu. Ikirudi nyuma, yanatanuka na kuelekea upande wa nyekundu. Hii ndiyo athari ya Dopla. Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote tulizo nazo, hulisogeza Jua kwa kasi ya mita 12.5 hivi kwa sekunde. Dunia hulisogeza kwa sentimita 9 tu kwa sekunde.

Michel Mayor na Didier Queloz walipogundua sayari ya 51 Pegasi mwaka 1995, wakiwa katika kituo cha Haute-Provence nchini Ufaransa, mtikisiko wa nyota ulikuwa mita zaidi ya 50 kwa sekunde, na chombo chao, ELODIE, kiliweza kupima hadi mita 13 hivi. Ugunduzi huo uliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Baada ya hapo timu ya Geneva ikaunda HARPS, kikaunganishwa na darubini ya mita 3.6 ya ESO, taasisi ya Ulaya ya uchunguzi wa anga la kusini, katika mlima La Silla nchini Chile. Kilianza kazi mwaka 2003, na kwa miaka mingi hakikuwa na mpinzani. Ndicho kilichoipima Alpha Centauri B.

Inafaa kukisogelea. HARPS hakikai kwenye darubini. Kimewekwa katika chumba chake, ndani ya tangi la chuma lililonyonywa hewa, na joto lake linadhibitiwa hadi sehemu moja ya mia ya digrii. Mwanga wa nyota huletwa kwa uzi wa kioo. Uzi wa pili, sambamba na ule wa kwanza, huleta mwanga wa taa ya thoriamu na agoni, ambayo mistari yake inajulikana, ili chombo kikihama hata kidogo ionekane papo hapo. Ndani ya tangi mwanga hutawanywa kuwa upinde wa rangi mrefu, unaokatwa vipande vingi na kupangwa kimoja juu ya kingine kwenye kihisio cha kielektroniki. Katika upinde huo kuna maelfu ya mistari myeusi, kila mmoja ukiwa alama ya elementi fulani katika angahewa ya nyota. Kasi ya nyota ikibadilika kwa mita moja kwa sekunde, mstari husogea kiasi cha sehemu moja ya elfu ya upana wa pikseli. Mstari mmoja hautoshi kabisa kupima kitu kidogo hivyo. Ni kwa kuyaunganisha maelfu ya mistari kwa pamoja ndipo jibu linapatikana. Joto la chombo likipanda kwa ile sehemu moja ya mia ya digrii, kosa linalojitokeza ni la kiasi hicho hicho cha mita moja.

Mtikisiko uliodaiwa kuwa wa Bb ulikuwa sentimita 51 kwa sekunde. Mtu anayetembea kwa kasi hiyo kwa saa nzima hajafikisha kilomita mbili.

Mzunguko wa sayari ulihesabiwa kuwa siku 3.236, uzito wake angalau mara 1.13 ya Dunia, na umbali wake kutoka kwenye nyota kama kilomita milioni 6. Utaridi uko kilomita milioni 58 kutoka kwenye Jua. Kwa hiyo hata waliotangaza walisema wazi kwamba ni jiwe linaloungua, si mahali pa viumbe. Walichofurahia ni kwamba palipo na sayari moja ndogo mara nyingi pana nyingine, na kwamba kipimo kimeshuka chini ya mita moja kwa nyota ya jirani.

Kabla ya kuifikia ishara hiyo ilibidi watoe vitu vingi vilivyokuwa juu yake. Kwanza mwendo wetu wenyewe: Dunia inalizunguka Jua kwa kilomita 30 hivi kwa sekunde, karibu mara 60,000 ya kile kinachotafutwa. Hilo linajulikana vizuri na hutolewa bila wasiwasi. Kisha mvuto wa nyota A, unaoibeba B katika ule mzunguko wa miaka 80. Kisha mwanga wa A unaovuja na kuingia kwenye kipimo cha B. Mwishowe, kilicho kigumu kuliko vyote, tabia ya B yenyewe.

Nyota haitulii. Uso wake ni gesi inayochemka: ya moto inapanda, iliyopoa inashuka, na kila inapopanda mwanga wake unahamia buluu ingawa nyota nzima haijaenda popote. Pia nyota inatetemeka kwa dakika chache chache kama kengele. Timu ilijaribu kuyapunguza haya mawili kwa kupima dakika 10, mara kadhaa katika usiku mmoja, kisha kuchukua wastani. Lakini kuna madoa. Doa la sumaku likiwa upande wa nyota unaokuja kwetu linapunguza mwanga wa upande huo, na wastani wa rangi ya nyota nzima unaegemea upande mwingine. Nyota inapojizungusha, doa linavuka uso, na kipimo kinapanda na kushuka sawasawa na vile ambavyo kingepanda na kushuka kwa sababu ya sayari. Alpha Centauri B hujizungusha kwa siku 38 hivi. Juu ya hayo kuna mzunguko mrefu wa sumaku wa miaka kadhaa, kama ule wa miaka 11 wa Jua letu, ambao katika miaka hiyo ulikuwa ukipanda.

Dumusque na wenzake waliunda mfano wa kihesabu wenye vigezo 23 vya kurekebishwa, wakatoa tabaka moja baada ya jingine: nyota A, mzunguko wa sumaku, madoa. Kilichobaki bado kilikuwa na mtawanyiko wa zaidi ya mita moja kwa sekunde, lakini ndani yake, ukitafuta mwendo unaojirudia, siku 3.236 ilijitokeza juu ya nyingine zote. Uwezekano wa kutokea kwa bahati ulikokotolewa kuwa chini sana ya asilimia moja.

Hapa nataka kuwasifu bila kigugumizi. Walichapisha vipimo vyote 459, vya kati ya Februari 2008 na Julai 2011, kila kimoja na tarehe yake. Bila hilo kisa kingeishia hapo, na pengine hadi leo vitabu vya shule vingekuwa na sayari isiyokuwapo.

Wa kwanza kuzichukua data hizo alikuwa Artie Hatzes wa kituo cha Tautenburg, Ujerumani. Mwaka 2013 alichapisha uchambuzi wake: alipoondoa tabia ya nyota kwa njia moja, ishara ya siku 3.24 ilibaki, alipobadili njia, ishara ilidhoofika hadi ikawa haina uzito wa kuitwa ugunduzi. Kwangu mimi hiyo ndiyo ilikuwa kengele. Sayari halisi haiwezi kutegemea mchambuzi ameamua kusafisha kelele, yaani mabadiliko ya kipimo yasiyotokana na sayari, kwa njia gani. Ikija kwa njia moja na kutoweka kwa nyingine, kuna kitu katika usafishaji ambacho hakijaeleweka.

Timu nyingine, iliyoongozwa na Brice-Olivier Demory, iliielekeza darubini ya Hubble kwenye nyota hiyo mwaka 2013 na 2014, kuona kama sayari itapita mbele ya nyota na kupunguza mwanga wake kwa kiasi cha sehemu moja hivi kwa elfu kumi. Haikuonekana ikipita katika wakati uliotarajiwa. Hilo peke yake halikuikanusha, maana ni lazima njia ya sayari iwe imelala sawa na mstari wa macho yetu, na kwa umbali ule nafasi ya kuwa hivyo ni kama moja kwa kumi.

Jibu lilitoka Oxford. Vinesh Rajpaul, Suzanne Aigrain na Stephen Roberts hawakutafuta sayari kwa bidii zaidi. Walitengeneza nyota ya kubuni kwenye kompyuta, yenye kelele za aina ile ile, isiyo na sayari yoyote ya mzunguko huo. Kisha wakaipima nyota hiyo ya kubuni katika tarehe na saa zile zile 459 ambazo HARPS iliipima B. Wakapitisha matokeo kwenye mfano ule ule wa mwaka 2012. Ikatoka sayari: mzunguko wa siku 3.236, mtikisiko wa nusu mita kwa sekunde, na uzito wa kitakwimu kama ule ule wa ugunduzi wa awali.

Ishara ilitoka kwenye kalenda ya upimaji. Darubini haifanyi kazi mfululizo: kuna mchana, kuna mawingu, kuna miezi ambayo nyota iko nyuma ya Jua, na kuna zamu za watafiti wengine. Tarehe zinazobaki zina mpangilio wake, na mpangilio huo una midundo yake. Mchuuzi anayefika ufukweni Jumatatu na Alhamisi tu, baada ya miezi michache anaweza kuapa kwamba bei ya samaki hupanda na kushuka kila baada ya siku tatu au nne, kumbe mwendo huo ni wa safari zake mwenyewe. Katika tarehe za HARPS mdundo wa siku 3.24 ulikuwemo tangu mwanzo, pamoja na mingine mingi. Timu ilipoondoa ishara za madoa, usafishaji huo ulifuta kwa sadfa ile midundo mingine ya kalenda, ukauacha huu mmoja umesimama peke yake. Rajpaul na wenzake waliuita mzimu. Kelele zilipotolewa kwa uangalifu mkubwa zaidi, mzimu ulipata uwanja wa kuonekana.

Hapa ndipo somo la kisayansi lilipo, na naliona kubwa kuliko inavyosemwa. Tumezoea kufikiri kwamba hatari ni kusafisha data kidogo mno. Katika kisa hiki hatari ilikuwa kusafisha tabaka moja baada ya jingine na kuamini kwamba kilichobaki hakijaguswa. Kila tabaka lililotolewa liliacha alama yake kwenye lililofuata. Njia ya Oxford, inayojumuisha nyota, kelele na sayari katika hesabu moja na kuviacha vishindane, ni nzito kwa kompyuta, lakini leo kundi linalodai sayari ya chini ya mita moja bila njia ya namna hiyo litaulizwa kwa nini.

Dumusque aliukubali uchambuzi huo hadharani. Zaidi ya kuukubali, alijitosa katika tatizo lenyewe. Mwaka 2015 aliongoza makala iliyoonyesha kwamba kihisio cha HARPS, ambacho kimeundwa kwa vipande vya pikseli 512 vilivyounganishwa, kina mapengo madogo mno kwenye maungio. Mistari ya nyota inapovuka maungio hayo, kwa kuwa Dunia inalizunguka Jua, inazalisha ishara ya uongo ya mwaka mmoja. Aliandaa pia shindano: data za kubuni ambazo yeye peke yake alijua zina sayari ngapi, timu mbalimbali zikaalikwa kuzitafuta. Na alishiriki kuelekeza chombo ndugu cha HARPS, HARPS-N kilichoko kisiwa cha La Palma, Hispania, kwenye Jua lenyewe wakati wa mchana, kupitia darubini ndogo sana. Jua ndiyo nyota pekee tunayojua sayari zake zote na ambayo madoa yake tunaweza kuyahesabu moja moja. Mtu asiyeweza kuitoa Dunia kwenye kelele za Jua hana sababu ya kuamini kwamba ataitoa kwenye kelele za nyota iliyo mbali.

Ulinganisho mzuri uko hapo hapo jirani. Mwaka 2016 Guillem Anglada-Escudé na wenzake waliirudia Proxima kwa chombo kile kile cha HARPS. Katika vipimo vya zamani kulikuwa na dokezo la sayari, lakini vilikuwa vimetawanyika. Safari hii walipanga kalenda kwanza: karibu kila usiku kuanzia Januari hadi Machi, huku darubini nyingine zikifuatilia mwangaza wa nyota ili kujua madoa yanafanya nini. Agosti 2016 walitangaza sayari ya mzunguko wa siku 11.2 na mtikisiko wa mita 1.4 hivi kwa sekunde. Mwaka 2020 chombo kingine kabisa, ESPRESSO, kiliithibitisha. Chombo kilikuwa kile kile kilichotoa mzimu wa Bb. Tofauti ilikuwa katika ukubwa wa ishara, na katika namna usiku ulivyopangwa.

ESPRESSO yenyewe, iliyoanza kupokea mwanga mwishoni mwa 2017 huko Paranal, Chile, imekusudiwa kufika sentimita 10 kwa sekunde, na inaweza kuunganisha mwanga wa darubini zote nne za mita 8.2. Marekani kuna EXPRES na NEID huko Arizona, na KPF kwenye darubini ya Keck, Hawaii. Badala ya kutegemea taa ya thoriamu peke yake, vyombo vya kizazi hiki hutumia leza inayotoa safu ya mistari iliyopangwa kwa nafasi sawa na kufungwa kwenye saa ya atomu, na nyuzi za kioo zenye pembe zinazochanganya mwanga vizuri zaidi kuliko za mviringo. Ni kazi ya kustaajabisha na naiheshimu. Lakini mradi ninaoutazama kwa matumaini makubwa zaidi ni HARPS3, unaoongozwa na Queloz, wa kufungwa kwenye darubini ya zamani ya Isaac Newton, La Palma. Darubini hiyo ina kioo cha mita 2.5 tu. Sifa yake ni kwamba mpango wake ni kuzipima nyota chache zile zile, usiku baada ya usiku, kwa miaka kumi. Taasisi kubwa haziwezi kumpa mtafiti mmoja miaka kumi ya darubini ya mita 8, na kwa sayari ya mzunguko wa mwaka mzima, yenye ishara ya sentimita 9, naamini mfululizo wa tarehe una thamani kuliko ukubwa wa kioo.

Kuhusu Alpha Centauri, mambo yamebaki hivi. Hakuna sayari iliyothibitishwa kwenye B. Agosti 2025 wanaastronomia wanaotumia darubini ya anga ya James Webb walitangaza kwamba katika picha za Agosti 2024 wameona nukta hafifu karibu na nyota A, hafifu kuliko nyota kwa zaidi ya mara 10,000, ambayo huenda ni sayari ya gesi yenye uzito kama wa Zohali. Walipotazama tena Februari na Aprili 2025 hawakuiona. Hesabu zao zinaonyesha kwamba katika nusu hivi ya njia zinazowezekana, sayari ingekuwa imesogea karibu mno na nyota kuweza kuonekana katika tarehe hizo mbili. Wao wenyewe wameiita mgombea, si sayari, na inasubiri kuonekana mara ya pili.